Baba ana maji kifuani: ni mesothelioma au saratani ya mapafu?

Swali: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71. Kuanzia 1974 hadi 1992 alikuwa fundi wa injini za meli hapa Mwanza. Sigara alivuta tangu ujana, akaacha alipofika miaka 50. Tangu mwaka jana anahema akipanda ngazi mbili tatu tu. Wamemtoa maji kifuani mara mbili, mara ya kwanza lita moja na nusu. Amemeza dawa za TB miezi sita, hakuna nafuu. Sasa picha ya CT inaonyesha utando wa pafu la kulia umekuwa mnene, na daktari anasema huenda ni mesothelioma, huenda ni kansa ya mapafu, anataka wachukue kinyama. Ndugu wanakataa, wanasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Je, hizi ni kansa mbili au moja, na zina aina gani? Mama ndiye aliyekuwa akifua ovaroli za kazini, na nyumba yetu imeezekwa kwa asbesto: tuogope? Na baba mwenyewe tumwambie?" Msomaji, Igoma.

Jibu:

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla sijaingia kwenye majina, shika hili moja: msikubali mzee atibiwe kwa neno "kansa ya mapafu" peke yake. Ni kama kuambiwa mgeni wako anatoka Kanda ya Ziwa. Hujajua bado umpokee stendi au umpokee gatini. Aina ya saratani ndiyo inayochagua dawa, na aina haionekani kwenye eksirei, wala kwenye CT, wala kwa kutazama rangi ya maji yaliyotolewa. Inaonekana kwenye kinyama kilichowekwa chini ya hadubini. Kazi yangu ni hiyo ya hadubini, kwa hiyo nitakueleza mambo kama ninavyoyaona mimi.

Nenda buchani asubuhi, kabla nyama haijakauka, uangalie pafu la ng'ombe. Linang'aa kama limepakwa mafuta. Ule mng'ao ni utando mwembamba unaolivaa pafu lote kwa nje. Utando mwingine kama huo umetanda ndani ya mbavu, na kati ya hizo tando mbili kuna maji kidogo sana, vijiko viwili vitatu vya chai, ili pafu liteleze vizuri mtu anapovuta pumzi. Madaktari huuita plura. Saratani ya mapafu huanzia ndani, kwenye nyama ya pafu au kwenye mirija ya hewa. Mesothelioma huanzia kwenye utando wenyewe. Kwa hiyo ni saratani mbili, zenye asili mbili, ingawa zinakaa nyumba moja.

Tunaposema mtu "ana maji kwenye mapafu", mara nyingi maji hayamo ndani ya pafu. Yamejaa pale katikati ya tando mbili, yanalibana pafu kwa nje mpaka linakuwa dogo kama ngumi. Ndiyo maana mzee akitolewa lita moja na nusu anapata nafuu siku hiyohiyo, analala vizuri usiku, kisha baada ya wiki mbili tatu hali inarudi palepale. Sindano iliondoa maji tu. Kilichokuwa kinayatengeneza kilibaki.

Utando wa aina hii upo pia tumboni, umezunguka moyo, na kwa wanaume umefunika korodani. Mesothelioma inaweza kuanzia popote kati ya hapo. Ya kifua ndiyo inayoonekana zaidi kuliko zote, ya tumbo inafuata, na hizo mbili za mwisho ni adimu sana. Ya tumbo ina njia zake za matibabu, siyo ya kuchanganywa na hii ya baba yako.

Sasa kuhusu kazi yake. Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, lakini ukilifikicha linachambuka nyuzi kama pamba. Haliungui, na joto halipenyi. Ndiyo maana meli nyingi zilizoundwa karne iliyopita zilifungwa asbesto kwenye mabomba ya moshi, kwenye boila na kwenye kuta za chumba cha injini. Fundi akitaka kulifikia bomba lililoharibika, kwanza analibandua lile gamba jeupe kwa mkono au kwa patasi. Vumbi linatanda ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hapo hakuna aliyekuwa na barakoa ya maana, na hakuna aliyeambiwa.

Nyuzi hizo ni nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Zinashuka hadi mwisho wa pafu, na nyingine zinafika kwenye utando. Mwili una seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zinajaribu kuumeza uzi wa asbesto, uzi ni mrefu kuliko seli yenyewe, seli inakufa na kumwaga kemikali zake, nyingine inakuja, nayo inakufa. Ugomvi huo hauishi. Unaendelea miaka na miaka, mpaka siku moja seli ya utando inaharibika kwenye vinasaba vyake na kuanza kuzaliana bila mpangilio. Toka mtu avute vumbi hadi augue hupita kwa kawaida miaka 20 hadi 50. Baba yako alianza 1974. Hesabu mwenyewe.

Jambo hili lilithibitishwa hapa hapa Afrika. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao wakiwa watu wa Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini, ilikochimbwa asbesto ya bluu. Kilichoshtua ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi jirani na machimbo, au walicheza kwenye vifusi wakiwa watoto. Biashara ikajitetea kwamba ya bluu ndiyo mbaya, nyeupe haina neno. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaziweka zote, nyeupe, bluu na kahawia, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka yoyote.

Na sigara? Sigara haisababishi mesothelioma. Mvutaji na asiyevuta, asbesto inawapata sawa. Lakini kwa saratani ya mapafu vitu hivi viwili vinazidishana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979 juu ya mafundi wa Marekani waliokuwa wakifunga mabomba kwa asbesto uliwalinganisha na watu wasiovuta na wasiofanya kazi hiyo. Fundi wa asbesto asiyevuta, hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu ilikuwa kama mara 5. Mvutaji asiyegusa asbesto kama mara 11. Aliyekuwa na vyote viwili, zaidi ya mara 50. Baba yako alikuwa na vyote viwili. Kwa hiyo daktari aliyewaambia "huenda hii, huenda ile" hakuwa anababaisha. Amewaambia ukweli ulivyo mpaka sasa.

Mesothelioma ya kifua ina sura tatu chini ya hadubini. Ya kwanza huitwa epithelioidi. Seli zake ni za duara au za pembe butu, zimekaa pamoja kwa utulivu, zinajenga vijimirija au vishungi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wana hii, na ndiyo inayokwenda taratibu kidogo na kusikia dawa kuliko nyingine. Ya pili ni sarkomatoidi. Seli zake ni ndefu, zimechongoka huku na huku, zimelala kwa mafungu kama dagaa waliotandazwa soko la Mwaloni. Hii ni ngumu. Haisikii sana tiba ya kemikali, na seli zake hazidondoki ovyo kwenye maji ya kifuani; unaweza kupima maji mara tatu yakatoka safi na ugonjwa upo. Ya tatu ina sura zote mbili kwa pamoja, huitwa bifasiki, na kwa kawaida tunataka kila sura iwe angalau asilimia 10 ya uvimbe ndipo tuipe jina hilo.

Hapo kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Kinyama ninachopokea mara nyingi hakizidi punje mbili tatu za mchele. Kama uvimbe una sura mbili na sindano imeangukia upande wenye sura moja, nitaandika sura moja. Ripoti ya pili ikija na jina tofauti na la kwanza, msidhani maabara imekosea au watu wamebadilishiwa chupa. Huenda kinyama kimekuwa kikubwa zaidi.

Kwa upande wa saratani ya mapafu, mgawanyo mkubwa ni mmoja: seli ndogo, na zisizo seli ndogo. Kati ya wagonjwa 100, kama 15 wana ya seli ndogo na 85 wana hizo nyingine. Ya seli ndogo ni ya sigara hasa, na ina mbio. Mpaka igundulike mara nyingi imeshafika kwenye tezi, ini, mifupa au ubongo, kwa hiyo daktari wa upasuaji hana mengi ya kufanya hapo. Inatibiwa kwa dripu za kemikali pamoja na mionzi. Inanywea haraka mpaka familia inafanya sherehe, kisha kwa wengi inarudi. Nawaambia hivyo mapema kwa sababu nimeona watu wakivunjika moyo mara ya pili kuliko ya kwanza.

Zile zisizo seli ndogo zina majina matatu makubwa. Adenokasinoma inatokana na seli zinazotengeneza ute, hukaa pembezoni mwa pafu, na ndiyo inayoongoza. Pia ndiyo inayowapata zaidi wasiovuta sigara, wanawake wakiwamo. Moshi wa kuni wa kila siku jikoni nao unashukiwa sana, na mimi nikiona akina mama wanaobanika samaki kando ya ziwa, macho mekundu, mtoto mgongoni, huwa nalifikiria hilo. Vumbi la mawe, kwa wanaoponda kokoto kwenye vilima vyetu na wachimbaji wa dhahabu wa Geita, halishukiwi tu, limethibitishwa. Skwamasi hukaa katikati karibu na mirija mikubwa ya hewa, ni ya wavutaji, hutoa damu kwenye makohozi, na ina tabia ya kuoza katikati ikaacha shimo. Shimo hilo kwenye eksirei ni pacha wa shimo la TB. Ya seli kubwa ni jina tunalobaki nalo tukikosa dalili za hizo mbili.

Unaweza kuuliza: majina haya yote ya nini, si zote ni kansa? Nikupe mfano mmoja. Kuna dawa ya dripu inaitwa pemetrexed. Kwa mesothelioma ndiyo dawa ya msingi, pamoja na cisplatin au carboplatin. Kwa adenokasinoma pia inafanya kazi. Kwa skwamasi haisaidii. Kwa seli ndogo wanatumia cisplatin na etoposide. Na adenokasinoma ikipimwa vinasaba ikakutwa na mabadiliko kwenye kinasaba kiitwacho EGFR, mgonjwa anaweza kutibiwa kwa vidonge nyumbani, hana haja ya kuanza na dripu. Wagonjwa wanne kwenye benchi moja, wote wameandikiwa "kansa ya mapafu", na kila mmoja anastahili dawa yake. Akikosewa jina, anaumizwa na dawa isiyomfaa, na fedha zimekwisha.

Tena majina haya yanafichana. Adenokasinoma inaweza kutambaa juu ya utando wa pafu na kuuzingira mzima, ikawa mnene vilevile kama mesothelioma. Kwenye CT hutofautishi. Hata mimi kwenye hadubini, kwa rangi ya kawaida, siwezi kuapa. Ndipo tunatumia rangi za kingamwili: unakipaka kinyama vitu vinavyoshika seli za aina fulani tu. Kalretinini na WT1 zikishika, tunaelekea mesothelioma. TTF-1 na klaudini-4 zikishika, tunaelekea adenokasinoma ya pafu. Hatutegemei moja, tunataka angalau mbili kila upande. Majibu yakitoka, soma ripoti yenyewe, usitosheke na maneno ya mdomoni, na uulize: "Rangi za kingamwili zimefanyika?" Kama bado, na jina lililoandikwa ni mesothelioma, uliza kinyama kilichobaki kinaweza kupelekwa wapi. Kipande hicho kinatunzwa kwenye nta, kinasafiri bila kuharibika, na mgonjwa hachomwi tena.

Waliompa dawa za TB siwalaumu. Kwa eneo letu, mtu akija na maji upande mmoja wa kifua, wa kwanza kushukiwa ni TB, na ndivyo inavyopaswa. Maji ya TB hata ukiyapima kwa GeneXpert, mashine ya kusaka vimelea vya TB, mara nyingi vimelea havionekani, kwa hiyo daktari hulazimika kuamua kwa busara. Kosa linaanza pale dawa zinapoendelea mwezi baada ya mwezi, maji yanarudi, mzee anakonda, na hakuna anayesema "hebu tuanze upya." Kuanza upya maana yake ni kufikiria mengine pia, kama saratani ya titi iliyosambaa, au saratani ya Kaposi kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, na siyo hizi mbili tu tunazozijadili.

Nina jambo linalonikera hadi leo. Niliwahi kuletewa chupa kutoka hospitali moja, imebebwa na kijana wa mgonjwa kwenye mfuko wa khaki, safari ya basi ya saa nyingi. Ndani kinyama kilikuwa kimewekwa kwenye maji ya kawaida badala ya fomalini, dawa inayozuia kinyama kisioze. Kilikuwa kimeshalainika na kunuka. Fomu imeandikwa maneno mawili tu, "maji kifuani", bila umri, bila kazi aliyofanya mgonjwa, bila CT. Yule mzee alikuwa amevumilia kuchomwa kifuani, na mimi sikuwa na cha kumwandikia. Ilibidi nimwambie kijana wake, uso kwa uso, kwamba warudie. Hawakurudi. Siku ya baba yako, muulizeni muuguzi kabla ya kutoka: "Hii ni fomalini?" Hakuna atakayewaona wajuaji.

Tuje kwenye kisu. Najua imani hiyo ilikotoka. Watu wetu wengi wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa, wanapasuliwa, wanafariki baada ya muda mfupi, na kisu kinabeba lawama ya miezi yote iliyopotea kabla yake. Kuchukua kinyama hakuigeuzi kansa iliyotulia kuwa kansa inayokimbia. Ila sitakuficha ukweli mdogo uliomo: mesothelioma, tofauti na nyingi nyingine, wakati mwingine huota kwenye njia ya sindano au ya mrija, ukatokea uvimbe mgumu chini ya ngozi pale palipotobolewa. Inatokea kwa baadhi, na ukiuma unaweza kupigwa mionzi. Hiyo ni sababu ya kutoboa mara chache na kwa mpango mzuri. Kuacha kutoboa kabisa ni jambo jingine.

Na mpango mzuri upo. Ombeni mjadili na daktari uwezekano wa kuingiza kamera kifuani, torakoskopi. Kwa tundu hilo moja daktari anayatoa maji yote, anaona utando kwa macho yake na kukata vinyama kadhaa pale palipo panene, kisha anaweza kunyunyiza unga wa talki unaozigandisha tando mbili zishikane, maji yasipate tena pa kukaa. Kama kamera haipatikani, sindano nene inayoongozwa kwa ultrasaundi au CT inafaa sana kwa utando uliokuwa mnene. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda, na wana idara ya saratani yenye mionzi. Ikihitajika zaidi, kuna taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini kwanza jina. Msiuze ng'ombe wala kiwanja kwa ajili ya safari ya India kabla ripoti haijatoka.

Umeniuliza aina, hukuuliza muda, lakini nadhani ndilo swali lenyewe. Ikiwa ni saratani ya mapafu na seli za saratani zimekutwa kwenye yale maji au zimesambaa kwenye utando, hiyo tayari inahesabiwa hatua ya nne. Upasuaji wa kuiondoa yote haupo tena. Dawa za kuirudisha nyuma zipo, na kwa wenye EGFR vidonge vinaweza kuwapa muda wa maana. Ikiwa ni mesothelioma, haiponi kwa karibu wagonjwa wote. Jaribio kubwa lililochapishwa 2003 lilionyesha kwamba pemetrexed ikiongezwa kwenye cisplatin iliongeza muda wa kuishi kutoka miezi 9.3 hadi 12.1, ukichukua mgonjwa wa katikati. Nusu waliishi zaidi ya hapo. Tiba ya kuamsha kinga ya mwili, yaani dawa za nivolumab na ipilimumab pamoja, mwaka 2021 ilionyesha miezi 18.1 dhidi ya 14.1 ya kemikali, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye sarkomatoidi na bifasiki: 18.1 dhidi ya 8.8. Unaona tena aina inavyoamua. Bei ya dawa hizo kwa familia ya kawaida hapa kwetu ni mlima, na sitaki mtu awauzie matumaini bila kuwaonyesha bei. Upasuaji mkubwa wa kubandua utando ulisifiwa kwa miaka mingi. Jaribio la Uingereza, MARS 2, lililochapishwa 2024, halikuona faida yake, waliopasuliwa hawakuishi zaidi na walipata madhara mengi. Kwa mzee wa miaka 71 mimi nisingeufikiria.

Yapo mambo ya karibu yanayomsaidia bila kujali jina. Maji yasimamiwe ili asiwe anakimbizwa usiku. Maumivu ya mbavu, yale ya kuchimba ndani kwa ndani, yatibiwe kwa morfini ya maji mapema, msiogope kwamba atakuwa mteja wa dawa. Ale kidogo mara nyingi. Alale ameinuliwa kwa mito.

Mama yako. Mwaka 1965 madaktari wa London, Newhouse na Thompson, walichunguza wagonjwa wa mesothelioma wa hospitali moja, wakakuta 9 ambao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto ila waliishi na aliyeifanya, wengi wao wakiwa wake waliofua nguo za kazini. Kukung'uta ovaroli kavu mlangoni kulitosha. Kwa hiyo hatari ya mama ipo, nami siwezi kuifuta. Lakini ni ndogo kuliko ya baba. Wengi waliofua nguo hizo hawaugui. Hakuna dawa ya kinga, na kumpiga eksirei kila mwezi hakumsaidii. Akianza kuhema au kuumwa ubavu mmoja kwa zaidi ya wiki tatu, aende, na neno la kwanza amwambie daktari liwe "nilifua nguo za asbesto."

Paa lenu lisiwanyime usingizi kama ni zima. Zile bati zina nyuzi zilizofungwa ndani ya saruji, na hatari iko kwenye kuvuta vumbi, siyo kukaa chini yake. Msizikate kwa msumeno, msizitoboe, msizisugue kwa brashi kavu. Iliyovunjika ilowanisheni maji kwanza, ifungeni kwenye nailoni nene, msiitupe ovyo. Nimeona vipande vyake vikijengewa mabanda ya kuku, watoto wakivigonga kwa mawe. Hilo ndilo linalonitisha. Siku mkitaka kuezua, waulizeni OSHA, wakala wa usalama kazini, au NEMC, baraza la mazingira, utaratibu kabla fundi hajapanda, maana barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi.

Kuhusu kumwambia baba, mwambieni. Najua kwetu mgonjwa hufichwa, watoto wanapokea majibu koridoni na kurudi wodini wakitabasamu. Mzee wa miaka 71 aliyewalea kwa mikono yake anaona nyuso zenu. Anaweza kuwa na deni la kulipa, mpaka wa shamba wa kuonyesha, ndugu wa kupatana naye. Kaeni naye mama akiwepo, mmwambie kwa maneno yenu ya nyumbani, kidogo kidogo, na mumwache aulize anachotaka kujua.

Tena sisi wa maabara tunamhitaji. Yeye peke yake ndiye anayejua mabomba yale yalifungwa nini. Jioni akiwa hana homa, kaa naye na daftari. Muulize alifanya kazi kwenye meli gani, miaka gani, lile gamba jeupe walilibandua kwa kifaa gani, vumbi lilikuwaje, nani alikuwa naye kwenye chumba cha injini. Yaandike yote kwa tarehe, na siku ya kinyama karatasi hiyo ibanwe pamoja na fomu. Majina ya wenzake yaandike pembeni, kwa ajili yenu wenyewe. Walio hai watafuteni, Kirumba, Sengerema, Ukerewe, popote walipo, maana huenda mmoja wao sasa hivi yuko mwezi wa tano wa dawa za TB na maji yanarudi.